Kupokea kadi za nje kupitia mtoa huduma wa malipo wa hapa Dar: nyota moja, na hiyo ni ya mitandao ya simu

Fungua muamala wowote wa kadi kwenye dashibodi yao. Bonyeza "Maelezo zaidi", shuka mpaka chini kabisa, upite namba ya kumbukumbu, tarakimu nne za mwisho za kadi na nchi ilikotolewa. Hapo utakuta maandishi madogo ya kijivu: 3DS: Hapana, yaani mwenye kadi hakuthibitisha kwa benki yake. Mstari huo ndio uliokula kinyago changu cha mpingo, nauli ya kukifikisha Marekani, na ada ya kesi juu yake. Siku ya kujisajili wanakuonyesha alama ya kijani na neno "Imefanikiwa". Mstari wa kijivu hawakuonyeshi.

Jina la kampuni nalihifadhi, maana ninayoyalalamikia yapo kwa wengi.

Kilichotokea kinawapata wauzaji kila siku. Oda imeingia, kadi ya Visa ya Marekani, mfumo umekubali, siku chache baadaye pesa iko kwenye salio. Mzigo umefungwa, umesafiri, umefika, umesainiwa. Miezi inapita. Halafu salio linakatwa thamani yote ya oda pamoja na ada, na barua pepe inasema kuna chajibeki, yaani benki ya mwenye kadi imeivuta pesa irudi, sababu namba 10.4.

Kwa Visa, 10.4 maana yake mwenye kadi ameiambia benki yake kwamba si yeye aliyenunua, kwenye muamala ambao kadi yenyewe haikuwepo mbele ya muuzaji. Mastercard wana 4837 kwa jambo hilohilo. Hapa ndipo wauzaji tunapopoteza nguvu bure: tunakusanya risiti ya usafirishaji, saini ya mpokeaji, picha ya boksi. Benki haiulizi kama mzigo ulifika. Inauliza kama mwenye kadi aliridhia. Mwizi naye hupokea mzigo na kusaini vizuri tu. Ushahidi wa kufika una nguvu kwenye 13.1, pale mteja anapodai hajapokea kitu. Kwenye 10.4 ya mteja mpya asiye na historia na wewe, uthibitisho wa kufika peke yake haukutoi.

Nikawapigia huduma kwa wateja. Kijana aliyepokea hakutaka hata namba ya muamala. "Dada, masharti si uliyakubali mwenyewe ulipojisajili?" Nikamuuliza inakuwaje kadi ya nje inapita bila mwenye kadi kuthibitisha kwa benki yake. "Hayo mambo ya benki, dada. Sisi tunapitisha tu." Kisha akauliza kama kuna kingine anachoweza kunisaidia.

Wanapitisha tu! Wanakata asilimia kwenye kila muamala, wanakata tena kwenye kubadilisha dola kuwa shilingi, wanakata ada kesi ikifunguliwa, na ukishindwa, makato ya mwanzo hayarudi. Na ubadilishaji wenyewe una sumu yake. Dola zinaingia kwa bei ya kununulia, lakini kesi ikija wanakata dola zilezile kwa bei ya kuuzia ya siku hiyo. Unarudisha shilingi nyingi kuliko ulizopokea kabla hata hujahesabu kinyago.

Sasa 3-D Secure, maana ndiyo kiini cha hasira yangu. Ni ile hatua ambapo mteja akishaandika namba za kadi anapelekwa kwa benki yake athibitishe, kwa namba ya siri ya SMS au ndani ya programu ya benki. Visa wanaiita Visa Secure, Mastercard wanaiita Identity Check. Ikikamilika, hasara ya kadi ya wizi kwa kawaida inahamia kwa benki iliyotoa kadi. Omba mtoa huduma akuonyeshe ECI ya muamala, ile namba inayosema uthibitisho uliishia wapi. Kwa Visa, 05 ni uthibitisho uliokamilika. Kwa Mastercard ni 02. Ukiona 06 au 01, mfumo ulijaribu lakini upande wa benki ya kadi haukukamilisha, na mara nyingi hiyo nayo inakukinga. Ukiona 07 kwa Visa au 00 kwa Mastercard, ujue mzigo wa hatari umeubeba wewe.

Kwenye mfumo huu uwezo huo upo. Umefichwa kwenye Mipangilio, sehemu ya Usalama, na umezimwa. Kuuwasha unaandika barua pepe, unasubiri watu wa kitengo chao waamue. Wanasema hatua ya ziada inafukuza wateja, wengine huishia njiani. Ni kweli wapo wanaoishia njiani. Lakini oda ikipita, kampuni inapata makato yake. Oda ikirudi, anayelipa ni muuzaji. Mtu asiyepoteza kitu ndiye aliyechagua swichi ikae wapi.

Na usijidanganye kwamba kadi za Ulaya ziko salama kwa kuwa kule uthibitisho ni lazima kisheria. Sheria ile inabana pale benki ya mnunuzi na benki ya muuzaji zote ziko ndani ya eneo lao. Benki ya muuzaji ikiwa Tanzania au Kenya, muamala unaweza kupita bila mteja kuulizwa chochote. Marekani hakuna hata sheria ya namna hiyo. Swichi ya muuzaji ndiyo kinga, nao wanaizima.

Niwe mkweli kwa upande wa pili. M-Pesa na Airtel Money kupitia huduma hii zinafanya kazi vizuri sana, pesa inafika siku hiyohiyo, ripoti ya mwezi ni safi na mhasibu anaisoma bila maswali. Kwa duka linalouza ndani ya nchi ningeipa nyota nne bila kusita. Nilipoanza kuandika haya nilitaka kuipa tatu kwa ujumla. Nikikumbuka "sisi tunapitisha tu", siwezi.

Maana kuna mengi wangeweza kumwambia muuzaji kwa ukurasa mmoja tu. Kwa mfano muda. Kwa Visa, mwenye kadi ana siku 120 tangu muamala kupita kudai kwamba hakuhusika. Kwa mzigo ambao haukufika, siku hizo 120 zinaanza kuhesabiwa tarehe mzigo ulipotarajiwa kufika, na kikomo ni siku 540 tangu muamala. Anayechukua oda za kuchonga kwa agizo, kinyago kikachukua miezi, asihesabu pesa ile kuwa yake mapema. PayPal nao humpa mnunuzi siku 180 kufungua mgogoro. Uingereza kuna zaidi: kwa kadi ya mkopo, bidhaa ya zaidi ya pauni 100 mpaka pauni 30,000, kifungu cha 75 cha sheria ya mikopo ya mwaka 1974 kinamruhusu mteja kuibana benki yake moja kwa moja, na hapo wewe unaitwa kujibu wakati ulishaisahau oda.

Au jina linalotokea kwenye taarifa ya benki ya mteja. Kwenye huduma hii linatokea jina la kampuni yao, halafu TZ. Mtu wa Ohio aliyenunua kwenye ukurasa wa duka lako anaona jina asilolijua kutoka nchi asiyonunuaga kitu, anashtuka, anaipigia benki. Huyo si mwizi wala tapeli, na bado ni chajibeki. Dai jina la duka lako liwekwe, na kwenye barua ya kuthibitisha oda mwandikie mteja kwa herufi kubwa jina litakaloonekana kwenye kadi yake. Kama kampuni inakataa kubadilisha, hiyo peke yake inatosha kuikimbia.

Dalili za oda mbaya zinajulikana, ila lazima uziangalie kabla ya kufunga boksi. Kadi mbili tatu zimekataliwa kisha moja ikapita, na zote zina majina tofauti. Kadi ya nchi moja, mzigo kwenda nchi nyingine, na anwani ni ghala la wakala wa kusafirisha upya. Mteja hajali bei, hajali nauli, anachotaka ni itoke leo. Anaagiza vitatu vya aina moja vilivyo ghali kuliko vyote. Muamala mdogo wa dola moja au mbili, kisha mkubwa: hapo mtu anajaribu kama kadi ya wizi bado inafanya kazi. Kwa kadi za Marekani, Kanada na Uingereza kuna ukaguzi wa anwani, AVS, unaolinganisha anwani aliyoandika mteja na iliyoko benki. Majibu yake yanapaswa kuonekana kwenye muamala. Hapa hayaonekani.

Na kuna hili la kubadilisha anwani, ambalo nataka kila muuzaji alishike. Mteja analipa kwa anwani moja, mzigo ukishatoka anaingia kwenye programu ya kampuni ya vifurushi na kuuelekeza kwingine, au anakuandikia WhatsApp "nimehama, peleka huku". Ukikubali, ushahidi wako umekufa. Anwani ya kufika hailingani tena na ya oda, na hata kesi ya 13.1 uliyokuwa uishinde unaipoteza. Mwambie wakala wa vifurushi, kwa maandishi, afunge uwezo wa kubadilisha anwani kwenye akaunti yako. Anayetaka anwani mpya arudishiwe pesa kwenye kadi ileile, aagize upya.

Ileile, narudia. Tapeli wa zamani bado yupo: analipa dola 3,000 kwa mzigo wa 1,200, anaomba tofauti umtumie "wakala wake" kwa Western Union. Kadi ni ya wizi. 3,000 zitarudi kwa mwenyewe, na 1,800 ulizotuma zimekwenda. Pesa inarudi kwa njia iliyoingilia, ndani ya mfumo, basi.

Ushuru nao unazaa kesi. Marekani ilifuta msamaha wa vifurushi vya chini ya dola 800 kwa nchi zote tangu tarehe 29 Agosti 2025. Umoja wa Ulaya hutoza VAT kuanzia euro ya kwanza tangu Julai 2021. Mteja asiyejua anaambiwa alipe mlangoni, anakataa, mzigo unarudi au unatelekezwa, kisha anaiambia benki hajapokea. Ushuru analipa nani? Andika jibu kwenye ukurasa wa malipo, mteja alitie alama mwenyewe, na uhifadhi picha ya ukurasa huo. Kwenye 13.1 karatasi hiyo inakupigania.

Kesi ikishafunguliwa, usimrudishie mteja pesa pembeni. Nimeona wauzaji wenye roho nzuri wakifanya hivyo: benki imeshakata, nao wanarudisha tena, wanalipa mara mbili na hakuna wa kumdai. Kama unataka kurudisha, rudisha kabla ya kesi. Baada ya hapo ama ukubali kesi ndani ya mfumo, ama uijibu. Ukijibu, jibu sababu iliyoandikwa, hati chache, tarehe zimepangwa, kwa Kiingereza kifupi. Kwa wateja wanaorudi kununua kuna mlango mwingine. Tangu Aprili 2023 Visa wanakubali, kwa 10.4, uonyeshe miamala miwili ya nyuma ya kadi hiyohiyo isiyolalamikiwa, ya kati ya siku 120 na 365 kabla ya kesi, yenye taarifa zinazolingana, mojawapo ikiwa anwani ya IP (namba ya intaneti aliyoagizia mteja) au utambulisho wa kifaa. Kwa hiyo hifadhi IP ya kila oda. Huduma hii inazifuta kwenye dashibodi baada ya muda mfupi. Niliwaomba zangu nikaambiwa nitume barua pepe, na jibu halijaja mpaka leo.

Oda kubwa, za maduka ya nje yanayonunua kwa jumla, zitoe kwenye kadi kabisa. Uhamisho wa benki kwa benki unachelewa na una makato, lakini pesa ikishaingia kwenye akaunti yako haivutwi kirahisi kama ya kadi. Usitoe mzigo kwa nakala ya SWIFT, ile karatasi ya benki ya kuonyesha pesa imetumwa, iliyotumwa WhatsApp. Zinatengenezwa kwa kompyuta ndani ya nusu saa. Subiri benki yako yenyewe iseme zimeingia.

Kwa sasa malipo ya ndani nayaacha hapohapo, na kadi za nje nimezifunga kwenye akaunti hii. Wakiwasha 3-D Secure kwa linki zote za malipo bila kuombwa, waonyeshe ECI na AVS juu kwenye muamala badala ya kuzizika chini, na waweke jina la duka kwenye taarifa ya mteja, nitarudi kubadilisha nyota. Nyota ya yule kijana wa simu sibadilishi.