Nyumba nje kidogo ya Kampala: cha kununua kwanza na cha kukimbia

Ukitafuta nyumba Matugga, Gayaza, Buloba au Seeta, dalali atakuonyesha kwanza vigae, jikoni na geti. Hati huja mwisho, tena mara nyingi huwa fotokopi. Mimi nimegeuza mpangilio huo. Orodha hii inaanza na ardhi iliyo chini ya nyumba, kwa sababu ufa wa ukutani fundi ataumaliza kwa siku mbili, ila ufa wa hati unaweza kukukalisha mahakamani mpaka mtoto uliyekuwa umembeba amalize shule.

Nimeandika nikifikiria familia ya kawaida: kazi iko mjini, akiba si kubwa, na wanataka nafasi ya kufuga kuku na kupanda migomba michache.

1. Nyumba iliyokwisha kukaliwa, yenye hati yake

Kwangu hii ndiyo ya kwanza hata kama vigae vyake ni vya zamani. Imeshapita misimu kadhaa ya mvua, kwa hiyo imejieleza yenyewe. Angalia rangi karibu na sakafu: mstari wa unyevu uliopakwa rangi mpya huonekana ukisimama pembeni mwa ukuta mchana. Tazama pia majirani wamepanda nini. Magimbi yakinawiri nyuma ya uzio na mafunjo yakionekana bondeni, jua maji hayako mbali.

Hati yenyewe usiisome kwenye simu ya muuzaji. Chukua namba ya bloku na ploti, nenda ofisi ya ardhi ya kanda inayohusika, Wakiso au Mukono kwa mfano, ufanye upekuzi, au sachi kama madalali wanavyoiita. Unatafuta mambo matatu: jina la mwenye hati, rehani ya benki, na zuio lililowekwa na mtu mwingine. Kisha leta mpima ardhi afungue mipaka. Hapo ndipo maneno huisha. Mpima anafyeka nyasi kwenye kona, anachimba kidogo kwa panga, na jiwe la mpaka linaonekana au halionekani. Likionekana mita tatu ndani ya uzio wa jirani, bei inarudi mezani.

Muuzaji akiwa na mke au mume na nyumba ndiyo makao ya familia, Sheria ya Ardhi ya 1998 inataka mwenzi akubali kwa maandishi. Akikwambia "mama watoto hana shida", mwambie aje naye asaini. Mwenye hati akiwa amefariki, anayeuza lazima awe na barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Kikao cha ukoo na muhuri wa LC1, yaani baraza la kijiji, havitoshi, hata wazee wakiwa kumi.

2. Ploti yenye hati, ukajenga polepole

Ndivyo wengi wetu tunavyojenga: msingi mwaka huu, kuta mwakani, mabati pesa ikipatikana. Riba ya mikopo ya shilingi huzunguka asilimia 18 kwa mwaka, hivyo kujenga kwa awamu si ushamba, ni hesabu. Wasiotaka riba wana mlango mwingine siku hizi, maana benki ya kwanza ya Kiislamu nchini ilipata leseni mwaka 2023.

Tatizo la ploti ni vipimo. Ekari moja ina desimali 100. Ile "50 kwa 100" maarufu, kwa futi, ni desimali 11 na nusu hivi. Madalali husema 12 wakiwa wachangamfu. Hati huandika hekta, basi jua kabisa kwamba 50 kwa 100 ni kama hekta 0.046. Ukikuta 0.040 umepewa chini ya desimali 10. Uliza nani amekula tofauti: barabara, au muuzaji?

Kampuni zinazokata shamba kubwa kuwa ploti hupenda kukuuzia kwa awamu huku hati kubwa ikiwa bado haijagawanywa. Si kosa kununua hivyo, lakini bakiza fungu la maana la malipo mpaka hati ya ploti yako itoke kwa jina lako. Pia tangu mwaka 2010 nchi nzima ni eneo la mipango, kwa hiyo ramani ya nyumba inahitaji idhini hata huko unakosikia jogoo kuliko magari.

3. Gofu lililoishia kwenye linta

Bei yake hutamanisha. Swali la kwanza ni kwa nini ujenzi ulisimama: pesa iliisha, ndugu waligombana, au halmashauri iliandika ile X nyekundu? Nondo zilizonyeshewa mvua miaka minne zikaguliwe na mhandisi wako, si fundi wa muuzaji. Kama ramani yenye muhuri haipo, hesabu gofu kuwa ploti ya daraja la pili iliyorundikiwa matofali.

4. Nyumba za mradi

Ni za haraka, na zinafanana. Uliza barabara ya ndani ni ya nani, nani analipa mlinzi, na kama hati ni ya nyumba yako au ya mradi mzima. Mengine ni ladha ya mtu.

5. Lizi

Lizi ni kukodi ardhi kwa miaka iliyoandikwa. Kwa asiye raia, hii inapanda hadi namba moja, kwa sababu hana njia nyingine. Ndugu zetu kutoka Kongo, Kenya au Tanzania wanaoishi huku hawaruhusiwi kumiliki ardhi ya mailo, ile ya Buganda yenye hati isiyo na kikomo cha miaka, wala ya umiliki huru. Wanaruhusiwa lizi isiyozidi miaka 99. Anayemshauri aandikishe mailo kwa jina la shemeji raia anampa shemeji nyumba.

Raia naye atakutana na lizi kwenye ardhi ya Kabaka, mfalme wa Buganda, hasa zile za miaka 49 zilizotangazwa na Buganda Land Board tangu 2017 kwa jina la Kyapa mu Ngalo. Cha kuuliza ni miaka iliyobaki, kodi ya mwaka, na kama mwenye ardhi amekubali uhamisho. Lizi iliyobakiza miaka 11 haiuzwi kwa bei ya ardhi.

6. Kibanja

Hapa watu hukasirika nikiweka namba sita, maana nusu ya tunaowajua wanaishi kwenye kibanja, yaani kipande unachokalia kwa haki huku hati ikiwa ya mtu mwingine, na wanaishi vizuri. Ni kweli. Mkataba wa Buganda wa 1900 uligawa ardhi kwa maili za mraba kwa wakubwa, na waliokuwa wakilima juu yake wakabaki bila hati. Sheria inawalinda: marekebisho ya 2010 yanasema mwenye kibanja halali haondolewi ila kwa kutolipa busuulu, kodi anayompa mwenye ardhi, tena kwa amri ya mahakama. Busuulu yenyewe ni pesa ndogo ya mwaka.

Lakini ulinzi wa aliyeko haumfuati mnunuzi kiholela. Mwenye kibanja akitaka kuuza, lazima ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua. Asipofanya hivyo uuzaji ni batili, anapoteza haki yake, na kifungo kinaweza kufika miaka minne. Kwa hiyo karatasi iliyosainiwa kwa LC1 peke yake ni ushahidi kwamba pesa zilitoka mfukoni mwako, basi. Nunua kibanja ukiwa umekaa meza moja na mwenye ardhi au wakili wake, umethibitisha kwa upekuzi kwamba kweli ndiye, na jina lako limeingia kwenye daftari lake pamoja na risiti za busuulu. Akikubali kukukatia hati kwa bei ya kueleweka, kibanja hicho kinapanda mpaka namba mbili.

Za kukimbia

Hati safi ya mailo yenye watu wanaolima juu yake. Bei iko chini kwa sababu unanunua hati pamoja na wapangaji, na haki zao hazifutiki kwa wewe kulipa.

Kinamasi, hata chenye hati. Serikali imekuwa ikifuta hati zilizotolewa kwenye vinamasi baada ya Katiba ya 1995, na mwaka 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira, ilibomoa nyumba za watu kwenye kinamasi cha Lubigi. Muuzaji wa kinamasi hukupeleka Januari, vumbi likiwa linapaa. Wewe rudi Aprili au Novemba, asubuhi baada ya mvua ya usiku, ukiwa umepanda bodaboda. Ikiteleza kabla hujafika, umeona pia jinsi watoto watakavyokwenda shule.

Na ardhi iliyo kwenye njia ya mradi. Nguzo kubwa za umeme, barabara za kasi na reli ya kisasa kutoka Malaba, ambayo mkataba wake ulisainiwa Oktoba 2024, zote zina ukanda wake. Mpima mwenye ramani atakuambia. Dalali atakuambia barabara itapandisha bei.

Malipo

Ushuru wa stempu ni asilimia 1.5 ya thamani iliyokadiriwa na mthamini wa serikali, si ya bei mliyonong'onezana. Kuna tabia ya baadhi ya viongozi wa LC kudai asilimia 10 ya mauzo. Haimo kwenye sheria, ingawa soda na shukrani hazimkwazi mtu. Sisi tunaojibu kwa Kiswahili, hasa wa pande za Bombo, twende na ndugu anayekijua Luganda sawasawa, kwa kuwa mambo mazito kuhusu ploti majirani huyasema kwa lugha hiyo, tena muuzaji akiwa ameenda kuleta funguo. Pesa zipite benki, kwenye akaunti ya mwenye jina lililo kwenye hati. Fungu la mwisho litoke siku wakili wako anaposhika fomu ya uhamisho iliyosainiwa, picha za pasipoti za muuzaji na hati halisi. Mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, na akaunti ya maji zibadilishwe jina wiki hiyohiyo, kabla deni la mwenye nyumba wa zamani halijaanza kukuita kwa jina lake.