Hanesi na kamba ndefu kwa mbwa mkubwa: angalia kulabu kwanza

Malalamiko mnayoniandikia kuhusu hanesi, ile mikanda ya kumvisha mbwa kifuani na mgongoni, yanafanana mno. Awe wa Mafinga, wa Tukuyu au wa hapa hapa Uyole, Mbeya, habari ni ile ile: mbwa kaona kuku wa jirani, karuka, na mwenye mbwa kabaki na kamba nzima mkononi ikiwa na nusu ya kulabu, kile kichuma cha ncha ya kamba kinachoshika pete ya hanesi. Hanesi nayo nzima kabisa, imeondoka na mbwa. Karibu hakuna anayelalamika kwamba kitambaa kilichanika. Kinachokatika ni kile kichuma ambacho dukani hakuna anayekigusa, kwa sababu wote tuko bize kuchagua kati ya nyekundu na nyeusi.

Kwa hiyo humu sitazungumzia rangi, wala sponji laini ya kifuani, wala mstari unaong'aa usiku. Vipimo navyo ni kazi ya dakika mbili: zungusha futi ya fundi cherehani kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, uandike sentimita. Hanesi ikishavaliwa, vidole viwili vipite chini ya mkanda bila kusukuma. Basi.

Tuje kwenye chuma. Mbwa wakubwa wa huku kwetu, jemani shepadi, boerboel na machotara wao, wengi wanafungiwa bandani mchana na kufunguliwa usiku walinde. Ukimtoa Jumapili kwenda miteremko ya mlima Loleza, anatoka na nguvu za wiki nzima. Kwenye kamba fupi ya mita moja na nusu hapati nafasi ya kushika kasi, ndiyo maana hata kulabu mbovu inaweza kudumu miaka. Kamba ndefu ni habari nyingine. Chukua mbwa wa kilo 45 anayekimbia mita 8 kwa sekunde. Akifika mwisho wa kamba na kusimamishwa ndani ya nusu mita, mvuto wake unafikia karibu kilo 290. Hayo ni magunia matatu ya viazi, na sizungumzii lumbesa. Mzigo wote huo unapita kwenye shingo ya kulabu, pale inapozungukia, penye unene wa kalamu.

Kulabu nyingi zinazouzwa na kamba za mbwa ni za zinki iliyoyeyushwa, ikamiminwa kwenye kalibu na kupakwa rangi ya fedha juu. Zinki ya namna hiyo haikupi taarifa. Chuma kizuri hupinda kwanza, ukakiona; hii hukatika kama biskuti. Na usidanganywe na sumaku. Kuna wauzaji wanaoiweka sumaku, isipokamata wanakuambia hiyo ni stenlesi. Ni kweli stenlesi nyingi hazikamatwi na sumaku. Zinki haikamatwi, brasi haikamatwi, aluminiamu pia haikamatwi, kwa hiyo hajakuthibitishia kitu.

Fanya hivi: igeuze kulabu utazame ubavuni. Ukiona mshono mwembamba unaopita katikati, kama wa kikombe cha plastiki, ujue imetoka kwenye kalibu. Halafu kwaruza kwa ncha ya msumari mahali pasipoonekana. Ikitokea njano mpaka ndani, ni brasi, na brasi nene hata ikiwa ya kumiminwa naikubali. Ikitokea kijivu kilichofifia chini ya mng'ao, rudisha. Muuzaji akikataa usikwaruze, ameshakujibu.

Tatizo la pili la kulabu zile za kusukuma kwa kidole gumba: zinafunguka zenyewe. Mbwa akijiviringisha, pete ya hanesi inalalia kile kipini na kukirudisha nyuma. Hilo halitibiwi na ubora wa chuma. Dawa yake ni karabina, ile pete ya chuma yenye mlango, iwe na skrubu ya kufunga. Karabina ya wapanda mlima ya kiwango cha Ulaya, EN 12275, imechorwa namba za kN (kilonyutoni, kipimo cha nguvu) mgongoni, na kwa zile za kawaida ile ya kuvutwa kwa urefu mlango ukiwa umefungwa haiendi chini ya kN 20, yaani takriban tani mbili. Za kufungia funguo zinafanana nazo kwa umbo tu. Hazina namba, au zimeandikwa kwamba si za kupandia. Ulizia Moshi na Arusha kwa watu wa vifaa vya mlimani, au kwa mafundi wa minara ya simu, ambao zao za chuma ni nzito kidogo lakini mbwa wa kilo 45 hata hazisikii.

Sasa hanesi, kwa mpangilio wangu, na wenye mpangilio wenu mnaruhusiwa kukasirika.

Ya kwanza ni Ruffwear, na sifichi kwamba nina upendeleo. Ni kampuni ya Oregon, Marekani, na hanesi yao ninayoipenda inaitwa Web Master. Ina mkanda wa pili tumboni, nyuma ya ule wa kifuani. Mbwa mwenye akili, akichoka kuvutwa, anageuka akutazame na kurudi kinyumenyume mpaka hanesi inamtoka kichwani. Ule mkanda wa pili ndio unaomkwamisha. Inarekebishwa sehemu tano, ina mkono wa kumshikia mgongoni unapomvusha mtaro, na pete yake ya mgongoni ni ya aluminiamu iliyoshonewa ndani ya mkanda. Saizi ya L/XL inachukua kifua cha sentimita 81 hadi 107. Mdogo wake, Front Range, unazunguka dola 50 huko kwao na una kitanzi cha kufungia kamba kifuani pia, ila mkanda wa pili hauna. Kwa mbwa asiye mjanja inatosha. Ndiyo, ni ghali, na nitarudi kwenye bei.

Ya pili itawashangaza: ya kushonewa na fundi wa mabegi, kwa mkanda wa kufungia mizigo ya lori. Mbeya tumekaa kwenye barabara ya Tunduma, malori yanapita usiku na mchana, na mikanda hiyo ipo. Tafuta mpya, yenye lebo. Kwa mikanda inayofuata kiwango cha EN 12195-2, lebo ya bluu ni poliesta, ya kijani ni nailoni, ya kahawia ni polipropilini. Na maandishi ya LC yanakuambia inabeba daN ngapi, ambapo daN 1 ni takriban kilo moja. Chukua ya bluu. Nailoni ikilowa inalegea, na kwa mvua zetu za Novemba hadi Aprili hanesi itakuwa inabadilika saizi kila wiki. Mwambie fundi umbo la Y kifuani, mkanda upite kati ya miguu ya mbele, usikate mabega kwa mlalo. Kila maungio ashone mraba wenye msalaba ndani, kwa uzi wa poliesta mnene wa kushonea maturubai. Fundi asiyejua mraba wenye msalaba, mwonyeshe mkanda wa kiti cha gari. Pete ununue mwenyewe, ya stenlesi iliyochomelewa ikafungwa. Ukimwachia fundi atakuwekea ya begi la shule.

Ya tatu ni Julius-K9 ya Hungaria, ile yenye maandishi ubavuni ambayo kila kijana wa jemani shepadi anaitamani. Chuma chake hakina neno, mkono wa mgongoni ni imara, na kuvisha ni sekunde. Lakini mkanda wa mbele umelala mlalo juu ya mabega, na wa tumboni ni mmoja tu. Kwa kamba fupi na mbwa mtulivu, sawa. Kwa kamba ndefu na mbwa anayejua kurudi nyuma, siishauri.

Za sokoni Mwanjelwa na Kabwe, zile za kuning'inizwa na vikombe vya kulishia: za mtoto wa mbwa. Nimemaliza.

Kamba yenyewe haina mengi. Mita 10 zinatosha. Mita 15 ni kwa wenye viwanja vikubwa, na mjini penye bodaboda kunja ubaki na mbili. Upana milimita 20 hadi 25, ili kiganja kisichanike. Nzuri kuliko zote ni BioThane, poliesta iliyofunikwa plastiki, hainywi maji na tope linafutwa kwa kitambaa. Usipoipata, ule ule mkanda wa lori wa milimita 25. Kamba za kujirudi kwenye kasha lenye waya mwembamba, hapana, waya huo unachoma ngozi. Ifunge kwenye pete ya mgongoni, kamwe si kwenye kola ya shingoni, kwa sababu zile kilo 290 zikiishia kooni utamuumiza. Usiizungushe mkononi. Vaa glavu za bustani. Na kama utaiacha iburuzike, kata kitanzi cha mwisho, maana kinakwama kwenye visiki.

Sasa bei, na hapa naomba mnivumilie. Wauzaji wa mtandaoni wa Dar mnaojua mnachofanya: kwa nini bei ni siri? Picha kumi za hanesi, bei "njoo inboksi". Ukienda inboksi unaulizwa upo wapi. Ukisema Mbeya, bei inapanda kabla hata nauli ya basi haijatajwa, kana kwamba baridi ya huku inakuza pesa mifukoni. Halafu mzigo unafika stendi, unaulipia, unafungua, na XL iliyoandikwa kwenye lebo ni ya kifua cha sentimita 75. Ukilalamika unaambiwa mbwa wako ndiye mnene.

Njia yangu siku hizi ni moja. Kabla ya kutuma hata shilingi, naomba vitu viwili: picha ya kulabu ikiwa imegeuzwa ubavu, karibu mpaka mshono uonekane, na picha ya hanesi ikiwa juu ya futi iliyonyooshwa. Anayetuma, namlipa na nauli bila kelele. Anayejibu kwamba ni kwoliti kabisa dada, wengi wanachukua, simjibu tena, naenda zangu kwa fundi na mkanda wa lori.