Twisheni ya Kifaransa ya jioni hapa Dodoma: mwalimu safi, kijitabu hovyo

Nimemaliza mwezi mmoja kwenye hii twisheni huku Area C, jina silitaji maana nina malalamiko yangu. Mimi nauza spea za malori barabara ya Singida, madereva wa Burundi na Kongo wengi tunaongea nao Kiswahili freshi tu, shida ni mabosi zao, meseji inaingia Kifaransa kitupu.

Kilichonipeleka darasani ni aibu. Bosi mmoja aliulizia batri, nikamjibu "batterie neuf" namaanisha batri mpya, jamaa akarudisha, batri tisa za nini? Kumbe neuf ni tisa na pia ni mpya, ila mpya ya vitu vya kiume, na batri kwao ni ya kike so ilitakiwa neuve. Tairi ndo dume, le pneu, hapo neuf inakubali. Sasa lifunge kwenye rimu uone, likishakuwa gurudumu linageuka jike, la roue! Na ndevu nazo, la barbe, za kike. Nilicheka peke yangu kwenye bodaboda.

Kijitabu wanachouza elfu kumi ndo hovyo, fotokopi imefifia halafu maneno yamepangwa tu bila le ya kiume wala la ya kike mbele yake, sasa mtu anajuaje? Ni kama umfundishe mgeni kiti na meza usimwambie ni hiki kiti, hii meza.

Mwalimu ndo kaniokoa. Siku ya pili tulikuwa tunabisha meza inakuaje mwanamke, akamwambia mwenzetu Mmasai wa Kiteto ataje kisu kwa kwao, akasema enkalem. Na sime? Olalem. Neno ni lilelile, mbele ukiweka enk- ni la kike na kitu kinakuwa kidogo, ukiweka ol- ni la kiume na kinakuwa kikubwa. Mama mmoja wa nyuma akadakia "aaah, kisu na jisu!" darasa zima likaangua kicheko, na mimi ndo ikaniingia hapohapo, kumbe hizi ni ngeli tu jamani, sisi tunazo kibao wao wanazo mbili halafu tunalalamika. Akamalizia kwamba jua kwa Mfaransa ni dume na mwezi ni jike, kwa Mjerumani ni kinyume chake, so usitafute sababu, kariri neno pamoja na le au la yake.

Kuanza wanachelewa, kipindi cha saa kumi na moja kinaanza na nusu, na vumbi dirishani usiseme. Ila elfu sitini kwa huyu mwalimu naona inalipa, mwezi wa pili nishalipia. Kijitabu kipo dukani, nafungia boliti.