Eti nachora kujifurahisha!

Nilikuja hapa na nia ya kuipa tovuti hii ya wasanii nyota tatu. Nimetoa moja, na hata hiyo naitoa kwa shingo upande.

Mimi nachora milango. Ile ya nakshi ya Mji wa Kale wa Mombasa, Ndia Kuu na vichochoro vya nyuma yake, naichora kwa rangi ya mafuta na kuiuza karibu na Fort Jesus. Sina mshahara kwingine. Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha hiyo tovuti ya Marekani ya kuwasaidia wasanii waliojiajiri: video za mafunzo, kikokotoo cha bei, violezo vya invoisi. Tangazo lao lilisema ni kwa wasanii wa dunia nzima. Nikalipia mwaka mzima kwa ile kadi ya mtandaoni ya M-Pesa, pesa ambayo ingeninunulia rangi.

Kikokotoo ni kizuri, nisiwadhulumu. Kinakuuliza kitambaa, rangi, fremu, halafu kinakuuliza saa. Saa zangu sikuwahi kuzihesabu maishani! Mlango mmoja wenye minyororo ya nakshi na vichwa vya misumari ya shaba hunichukua siku nne, nami nilikuwa nauza shilingi 4,000. Nilipojaza yote nikaona najilipa kidogo kuliko kijana anayesukuma mkokoteni wa maji. Nikapandisha hadi 7,500, na wateja wananunua. Kwa hilo Mungu awalipe.

Sasa sikilizeni. Hivi majuzi hoteli moja ya Nyali iliniagiza picha sita, mhasibu akataka invoisi. Kiolezo kikakataa kuhifadhi mpaka nichague jimbo la Marekani. Nikaandika Mombasa, 80100, kisanduku kikawa chekundu. Nikarudia, chekundu tena. Shilingi yenyewe haimo, ni dola tu. Nikawaandikia huduma kwa wateja, nikaanza na salamu kama nilivyolelewa, nikaeleza taratibu. Jibu likaja usiku: zana zetu ni za wasanii wa kitaalamu, kama unachora kujifurahisha, tuna kifurushi cha bei nafuu kitakachokufaa.

Kujifurahisha! Wallahi sikulala. Brashi hizi zimelipa karo ya watoto watatu na zikamzika mama yangu kwa heshima. Mtu hajauliza nachora nini, nauza wapi, tangu lini. Ameona neno Mombasa akamaliza.

Na hayo masomo yao ya kodi! Wanafundisha asilimia 15.3 wanayokatwa waliojiajiri huko kwao, na ni haki yao. Huku Kenya mwenye mauzo ya kuanzia milioni moja hadi milioni 25 kwa mwaka analipa asilimia 3 ya mauzo yenyewe. Mimi milioni sijafika, hata hiyo hainigusi, na ile ya kwao nimeisikiliza saa nzima bila kunihusu. Mwishowe mhasibu wa hoteli ndiye aliyenifunza, tena kwa upole: “Dada, hata hiyo karatasi ingetoka, isingenisaidia. Tangu Januari 2024 gharama isiyo na invoisi ya eTIMS, ule mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, wenyewe hawaikubali nikiiondoa kwenye hesabu ya kodi.” Akanionyesha namba ya kupiga kwenye simu ili kutoa invoisi hiyo, *222#. Nikaketi barazani pao na kasimu kangu kadogo, PIN yangu ya KRA, ile namba ya mlipakodi, mkononi, nikatoa invoisi ya picha sita. Bure. Kwa shilingi. Bila mtu kunitukana.

Mpwa wangu anasema nifunge akaunti. Sifungi, mwaka nimeulipia na kikokotoo nakihitaji. Jana tu nimekijazia mlango mpya. Mchoraji anayeanza, asiyejua thamani ya saa zake, ajiunge mwezi mmoja, ajifunze bei, atoke. Hapana, asijiunge. Achukue daftari aandike kitambaa, rangi, fremu na saa, ajumlishe mwenyewe.

Wakiniandikia kuniomba radhi nitaongeza nyota ya pili. Ile ya tatu wameipoteza.