Amlodipini na haidralazini: zote hutanua mishipa, mwendo ni tofauti

Dawa zote mbili hulegeza misuli ya kuta za ateri ndogo (mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni), njia ya damu ikapanuka na presha ikashuka. Amlodipini huzuia kalsiamu kuingia kwenye misuli hiyo, tena polepole. Nusu ya dawa huchukua saa 30 hadi 50 kutoka mwilini, kwa hiyo kidonge kimoja cha miligramu 5 au 10 kwa siku kinatosha, na dozi moja ikisahaulika presha hairuki papo hapo.

Haidralazini huja kwa kishindo. Mwili hushtuka: moyo huenda mbio, kichwa hugonga, figo hushika chumvi na maji. Ndiyo maana aghalabu hufuatana na dawa ya kutuliza mapigo na ya kukojoza. Humezwa mara 2 hadi 4 kwa siku (nani atakumbuka zote?). Kwa presha ya kila siku amlodipini inashinda. Haidralazini ina kazi yake hospitalini, hasa presha inapompanda mjamzito kwa ghafla.

Kero ya amlodipini ni miguu kuvimba. Ateri hutanuka, vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) hazifuati kiasi hicho, maji yakachujika hadi vifundoni. Muuzaji aliyesimama kutwa sokoni Kongowea, na joto la Mombasa lile, jioni akibonyeza kifundo kwa kidole gumba, shimo hubaki. Dawa ya kukojoza haisaidii sana hapo. Daktari hupunguza dozi, au huongeza losatani, dawa nyingine ya presha, ambayo hutanua vena pia.