Vitufe vya kinanda: kuviacha vijitambulishe au kuandika namba?

Kinanda cha kwaya yetu hapa Goma kina vitufe vinane vya kuzungusha. Njia ya haraka ya kuvipa kazi: unachagua kazi kwenye programu, unazungusha kitufe, programu inakishika kwa kazi hiyo. Dakika moja tu. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, unaanza kukisia upya.

Mimi naandika kwa mkono namba za MIDI, yaani lugha ambayo vinanda na programu za muziki huwasiliana nayo; kila kazi ina namba yake. 74 hufungua na kufunga kichujio cha sauti, sauti inang'aa au kufifia. 71 huongeza ule mlio wa kufoka. 7 ni ukubwa wa sauti. Ukizungusha kitufe, thamani ya kila kazi huenda 0 hadi 127. Inachosha, na kioo chenyewe kidogo! Lakini nimebandika plasta yenye "74" juu ya kitufe cha kwanza, na mpigaji wa Jumapili haniulizi tena.