DaVinci Resolve ya bure kwa harusi za Kigoma: programu inatosha, mafaili ndiyo yanayoangusha

Kwa fundi wa video anayepiga send-off, harusi na maulidi hapa Kigoma, toleo la bure la DaVinci Resolve, programu ya kuhariri video na kusahihisha rangi, linatosha. Halina ukomo wa siku, halibandiki nembo juu ya picha, na linatoa video hadi ukubwa wa 3840 kwa 2160, fremu 60 kwa sekunde. Mteja wa Ujiji mwenye televisheni ya inchi 43 hahitaji hata nusu ya hayo. Malalamiko ya kila siku, "inaganda", "sauti inakimbia", "inaniandikia Media Offline" (yaani klipu haionekani), kwa sehemu kubwa chanzo chake ni mafaili yaliyomwagwa ndani jinsi yalivyotoka kwenye kadi.

Mtego wa kwanza unakusubiri kabla hujaingiza klipu hata moja. Mradi mpya huja na fremu 24 kwa sekunde. Sisi tunapiga 25, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za ukumbini zinapepesa kwa kufuata umeme huo. Klipu ya 25 ikilazwa kwenye taimulaini (mstari wa kupangia klipu) ya 24, kila sekunde fremu moja inatupwa. Bibi harusi anaingia kwa mwendo wa pole, wewe unamwona anarukaruka kama anakanyaga mashimo. Fungua Project Settings, ingia Master Settings, weka 25, ndipo ulete klipu. Ukichelewa namba inajifunga. Itabidi uunde taimulaini mpya, uondoe tiki ya Use Project Settings na kuweka 25 humo, kisha uanze kukagua mikato mmoja mmoja maana itakuwa imesogea.

Simu ndiyo inayoleta balaa la pili. Siku hizi hakuna shughuli isiyo na klipu za simu, iwe za shangazi au za kamati. Simu nyingi hupiga 30, tena 30 isiyotulia: mwanga ukipungua inashuka, ukirudi inapanda. Faili la namna hiyo likiwa refu, sauti na midomo vinaachana taratibu. Dakika ya kwanza viko sawa, dakika ya arobaini MC ameshacheka na mdomo bado haujafunguka. Usihangaike kusogeza sauti kwa mkono. Lipitishe faili HandBrake, ambayo nayo ni ya bure: kwenye upande wa video chagua fremu 25, weka Constant Framerate, na ubora RF 18. Linalotoka ndilo unaloingiza. Michirizi ya taa iliyokwisha kuingia kwenye picha ni habari nyingine: kifaa cha kuipunguza, Deflicker, kipo kwenye toleo la kulipia tu. Kwa hiyo kameramani wako aweke kasi ya shata 1/50 ya sekunde tangu ukumbini, na mwenye simu iliyo na mipangilio ya video aiweke 25.

Sasa kuganda. Faili la kamera la H.264, mbano wa video unaotumiwa na kamera nyingi, ni dogo kwa sababu fremu nyingi ndani yake hazijakamilika. Zinaelezea tu kilichobadilika kutoka fremu jirani. Ukirudisha nyuma kidogo kutafuta tabasamu, kompyuta inalazimika kufumbua kundi zima la fremu ili ikuonyeshe moja. Hapo laptopu ya RAM GB 16 na kadi ya picha ya GB 4 inaanza kuhema. Dawa ni proksi: nakala nyepesi za kukatia, huku faili halisi likirudi wakati wa kutoa kazi. Chagua klipu zote kwenye Media Pool, bofya kulia, Generate Proxy Media. Kabla ya hapo nenda Project Settings uchague ukubwa wa nusu au robo na kodeki (namna ya kubana video) ya DNxHR LB. Kwa 1080 ya fremu 25, DNxHR LB inakula takriban GB 16 kwa saa. Kamera yenye megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Harusi yenye saa nne za kamera hiyo ni GB 180 za asili, na proksi za 1080 zinaongeza kama 64. Nunua diski kwa hesabu hiyo. Ukiishiwa nafasi usiku wa manane hutapata pa kununua nyingine.

Na diski yenyewe itazamwe. Hard disk ya kuzunguka kwa USB 3.0 inasoma kama MB 100 kwa sekunde. Inafaa kuhifadhi, na kukatia kamera moja inavumilika. Kamera tatu zikienda sambamba kichwa chake kinakimbia huku na huko na picha inasimama. SSD ya SATA, diski isiyozunguka, inafika karibu 500. Proksi ziwe kwenye SSD, klipu za asili zibaki kwenye hard disk. Pia angalia tundu: diski ya USB 3.0 ukiichomeka kwenye tundu la USB 2.0 inashuka hadi MB 30 au 40. Wengi wanamlaumu muuza diski kwa kosa la tundu.

Mwenye RAM GB 8 asijaribu. Programu itafunguka, itakubali klipu, itamwangusha kwenye rangi. Desktop za ofisini zinazouzwa used ni rahisi, ila nyingi hazina kadi ya picha ya kujitegemea, na pawa saplai yake huenda isiimudu kadi utakayoiongeza. Uliza wati kabla ya kutoa hela. Na mtu akikushauri uhamie Linux ili mashine iwe nyepesi, mshukuru, ubaki ulipo: toleo la bure la Resolve kwenye Linux halifungui H.264, yaani karibu kila kitu unachopiga.

Kwenye rangi ndipo programu hii inapojilipa, na si ajabu. da Vinci zilikuwa mitambo ya kusahihisha rangi za filamu kabla Blackmagic Design ya Australia haijainunua kampuni hiyo mwaka 2009, na vifaa vingi vya kazi hiyo vimo kwenye toleo la bure. Chukua tatizo la kumbi zetu: taa za LED za bluu na zambarau zinazompiga bwana harusi usoni hadi uso unakuwa kipande kimoja cha rangi, pua haionekani. Usiguse rangi ya picha nzima. Fungua mikunjo ya Hue vs Sat, bofya kwenye bluu ile ile, ishushe mpaka ngozi ianze kuonyesha vivuli vyake, kisha punguza kidogo mwangaza wa rangi hiyo kwa Hue vs Lum. Taa iliyochoma kabisa hairudi, lakini nyingi zinarudi kiasi cha mama mzazi kumtambua mwanaye.

Giza ni suala jingine. Chembechembe za kamera iliyopandishwa ISO (usikivu wa mwanga) zinaondolewa na Noise Reduction, na hiyo ni ya Studio, toleo la kulipia. Voice Isolation, inayotenganisha sauti ya mtu na kelele, nayo ni ya huko. Ukiona maandishi yamekaa juu ya picha, umegusa kifaa cha Studio; kizime, yataondoka.

Studio ni dola 295, unalipa mara moja, na ufunguo mmoja unaendesha kompyuta mbili. Kwa shilingi ni zaidi ya laki saba. Sababu ya kuilipia ni ama kumbi zako ni za giza kila wiki, ama kamera yako inapiga H.264 au H.265 ya biti 10 kwa 4:2:2, yaani yenye taarifa nyingi zaidi za rangi. Mafaili hayo kwenye Windows toleo la bure halifungui picha. Unasikia sauti tu, na watu wanadhani kadi imeharibika. Mwenye kamera ya biti 8 aziweke laki saba zake kwenye SSD na UPS, betri ya akiba umeme ukikatika.

UPS si anasa hapa. Ile ndogo ya VA 650 inakupa dakika chache tu kwa desktop, zinazotosha kusevu na kuzima. Live Save (kusevu papo hapo) acha iwashwe, na kwenye Project Save and Load hakikisha Project Backups ina tiki. Hatari kubwa iko wakati wa kutoa video: MP4 huandika faharasa yake mwishoni, kwa hiyo umeme ukikatika kwenye asilimia 96 faili lote halifunguki. Gawa kazi. Weka alama ya mwanzo na mwisho, ongeza sehemu ya kwanza kwenye foleni ya Deliver, ukurasa wa kutoa video, kisha ya pili, kisha ya tatu. Umeme ukikatika unapoteza sehemu moja.

Jambo moja linawaliza watu wazima: mradi haukai kwenye folda pamoja na klipu. Unakaa kwenye hifadhidata ya programu, ndani ya diski ya Windows. Fundi akikupigia Windows upya, kazi ya wiki mbili imeondoka na klipu zote zimebaki. Kila jioni toa faili la .drp, nakala ya mradi, uliweke kwenye diski ya nje. Wala usisasishe programu katikati ya kazi. Mradi ukishafunguliwa kwenye toleo jipya, la zamani haliutambui tena.

Kugawa video sehemu sehemu kunasaidia pia kwenye kukabidhi. Televisheni nyingi za wateja zinasoma flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32, na FAT32 haikubali faili linalofika GB 4. Weka H.264, 1080, fremu 25, ukomo wa kilobiti 8000 kwa sekunde: saa moja inatoka GB 3.6, inaingia. Ndugu wa Tabora wakitaka nakala, usiahidi kuituma kwa mtandao kabla ya kupima kasi ya kupandisha. Kwa megabiti 5, sehemu moja tu inachukua saa 1 na dakika 36 kama laini haikukatika njiani. Flashi ya GB 16 inabeba sehemu tatu na nafasi inabaki, na basi la asubuhi litaifikisha. Ichomeke kwenye televisheni kwanza, tena upeleke mbele hadi dakika ya mwisho ya kila sehemu, kabla hujaifunga kwenye bahasha.